Hiyo ni zilipendwa, bibi

Tangu Jumatano kuna maneno yamenikaa kichwani, hayatoki. Nikiosha vyombo yapo. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo yapo. Hata kwenye harusi ya Zawadi (imepita salama, mashangazi hawakugombana, picha nitaweka), MC anaita meza kuu isimame, mimi bado najibizana na mtu ambaye hayupo.

"Bibi, hapana. Hiyo ni zilipendwa. Hii yetu ni ya Kilatini, inatoka Kuba."

Aliyeambiwa hivyo, na mwalimu wangu wa salsa, ni Mama Mkubwa. Mnamjua, yule wa Morogoro, wa magoti. Yuko kwangu mpaka kliniki yake ya mwisho wa mwezi. Jumatano Baba Junior alichelewa kazini, sikuwa na wa kumwachia, nikaenda naye kwenye darasa langu la salsa. Nikamtafutia kiti cha plastiki karibu na feni, nikamnunulia soda. Tulipogeuka kuanza zoezi la pili, kiti kitupu.

Alikuwa pembeni pale ukutani, pochi kwapani, anacheza. Hatua ndogondogo, mabega yametulia, kiuno kinafanya kazi yake chini kwa chini bila kumsumbua mtu. Sisi wengine tulikuwa tunahesabu moja-mbili-tatu, tano-sita-saba, macho yametutoka. Yeye hahesabu kitu. Ndipo mwalimu akamfuata, kwa adabu zote, shikamoo ametoa, mikono ameikunja mbele, akasema alichosema.

Na Mama Mkubwa akajibu: "Ahaa. Haya baba, nionyeshe."

Haya baba, nionyeshe! Kijana hata simlaumu sana. Kinachonichoma ni hilo jibu. Nimelirudia kwa sauti zote, ya unyenyekevu, ya kejeli, ya uchovu, nikitafuta alilisemaje hasa. Na nimeshamjibia mimi. Ofisi yetu imehamia jengo jipya wiki hii, na nilikuwa nafunga mafaili kwenye maboksi huku nahutubia.

Ningemwambia hivi. Mwanangu, mwaka 1930 Don Azpiazú na bendi yake ya Kuba walirekodi "El Manicero" kule New York, wimbo ukazunguka dunia. Mwaka 1933 kampuni ya santuri ya HMV ikaanza kutoa mfululizo ulioitwa G.V., nyingi za Kuba, zikauzwa huku Afrika. Zilishuka bandarini, zikapanda mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na Brazzaville, vijana wakazing'ang'ania. Wakaimba Kihispania wasichokijua, wakabuni na maneno yanayofanana nacho, mradi mdomo uende. Kisha Kilingala kikaingia, na kazi iliyokuwa ya piano ikachukuliwa na gitaa. Na Kuba yenyewe ngoma zake ilizipata wapi kama si kwa watu waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka upande huohuo wa mto Kongo? Uhuru wa Kongo wenyewe uliimbiwa cha-cha-cha: 1960, mwimbaji Kabasele na bendi yake ya African Jazz, kule Brussels kwenye mkutano wa kuujadili uhuru huo. Mwaka 1974 Celia Cruz, mwimbaji wa Kuba, na Fania All-Stars, bendi ya salsa ya New York, walipokuja kupiga Kinshasa, wiki chache kabla ya pambano la ngumi la Ali na Foreman, walipokewa na watu ambao baba zao walishauzeesha mdundo huo.

Hapo napumua, halafu nafika Morogoro, na hapo ndipo sauti hupanda mpaka Junior anauliza, "Mama, unaongea na nani?"

Maana bendi ya Salum Abdallah iliitwa Cuban Marimba. Si La Havana, ni Morogoro, chini ya Uluguru. Magitaa, tumba, marakasi, na juu yake Kiswahili kilichonyooka. Mama Mkubwa alikuwa binti mdogo, akichungulia dirishani mwa ukumbi mpaka akafukuzwa. Salum akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza alipoishika bendi, Mama Mkubwa alikuwa ameshafikia umri wa kulipa kiingilio, na kwa maelezo ya marehemu mama, viatu vyake havikuwa vikimaliza msimu. Mtu huyo ndiye aambiwe Kuba siyo hiyo. Na akubali!

Jana usiku nilishindwa. Namchua magoti kwa ile dawa yake inayonuka nyumba nzima, nikamuuliza.

"Mama Mkubwa, yule mwalimu, kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unaijua."

Akacheka. Akacheka mpaka goti likanitoka mkononi. "We mtoto! Ningemwambia naijua, angenishika mkono? Ana mikono mizuri yule kijana, mikavu, haitoi jasho. Mwaka wa ngapi huu sijazungushwa na mtu?"

Nikabaki nimeshika chupa ya dawa. Hotuba yangu yote, na santuri zake, na Kinshasa yake, mtu alikuwa anataka kuzungushwa.

Akaendelea, ameshachangamka. Kwamba yule kijana anajua miguu ila ana haraka, anahesabu badala ya kusikiliza besi, atapoa akikua. Kwamba hata Salum hakufundishwa na Mkuba yeyote, alizisikiliza santuri akajifanyia alivyosikia. Ana na hadithi yake, ile inayosimuliwa Morogoro, kwamba Salum alipokuwa kijana alitoroka kwao aende Kuba, akafika Mombasa, meli ikamshinda, akarudi.

"Na ingemchukua je?" akaniuliza. "Angekuwa Mkuba mmoja zaidi, wakati wamejaa. Sisi tungecheza nini?"

Kisha akataka kujua Jumatano tunatoka saa ngapi, na kama nina viatu vya kisigino kifupi saizi yake. Daktari alisema atembeetembee. Sikumbuki kama alitaja kugeuzwa mara mbili na kurudi, lakini sitamuuliza, maana najua atajibu nini.

Mwalimu naye nimemsamehe, nusu. Ila nimepakua nyimbo za Cuban Marimba kwenye simu, na siku hiyo nitaomba nichomeke mimi spika. Nataka tu nimwone uso tumba zikianza.

Jambo jingine, mwenye nyumba alipiga leo. Hakusema shida, amesema tu kesho atapita jioni "tuongee ana kwa ana". Kodi hatudaiwi. Ila yule mwanawe wa kwanza anaoa Desemba, na nimeona wiki hii amekuja na mtu mwenye futi wanapima uzio. Baba Junior anasema nisianze. Mkataba uko kwenye moja ya yale maboksi ya ofisini na sijui ni lipi.