Wali wa kamba na soseji, sufuria moja tu

Jamani watu wa Mwanza najua tunavyompenda sato, ila leo naomba tumpumzishe kidogo tupike kamba na soseji pamoja na wali humohumo kwenye sufuria moja. Ni msosi wa jioni ya siku ya kazi, umetoka job, umegombania daladala ya Igoma, unafika home watoto wanauliza tunakula nini.

Kamba ninaowasema ni wa baharini, wale wa Bagamoyo na Rufiji, huku kwetu unawakuta kwenye mafriza wameganda. Sio uduvi wadogo wanaonaswa pamoja na dagaa ziwani, wale wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku (na sangara mdogo anawala sana). Bei ya kamba imechangamka lakini nusu kilo watu wanne wanakula vizuri tu maana soseji zinasaidia kujaza. Ukipata wenye maganda na vichwa vyao chukua haohao, usikimbilie waliomenywa.

Asubuhi watoe friza uwashushe kwenye friji wayeyuke taratibu. Jioni menya, pasua mgongo kidogo utoe ule uzi mweusi, paka chumvi na pilipili manga basi, ndimu isubiri mezani kwa sababu ukiwaloweka nayo mapema wanakakamaa. Sasa yale maganda na vichwa tia kwenye sufuria na mafuta kijiko kimoja, kaanga mpaka yawe mekundu na nyumba nzima inukie, mimina maji vikombe vinne, yachemke robo saa halafu chuja, utabaki na kama vikombe vitatu. Hiyo supu ndio utamu wote wa hiki chakula!! Watu wanatupa maganda jalalani halafu wanaenda kununua kiungo cha pakti, inaniuma kweli.

Sufuria ileile, soseji nne au tano kata mshazari ukaange hadi kingo ziive rangi ya kahawia, usione uvivu hapa, soseji zetu nyingi ni laini hazina ladha ya moshi so utamu wake unautafuta kwenye kukaanga. Zitoe. Kwenye mafuta hayohayo vitunguu viwili, hoho, karoti, swaumu, kikiiva tia nyanya tatu za kukwangua na pilipili, ziive mpaka mafuta yajitenge. Mchele vikombe viwili (wa Magu ukiupata, unanukia wenyewe) geuzageuza kidogo, rudisha soseji, mimina supu, onja chumvi, funika.

Maji yakikaribia kukauka shusha moto kabisa, kama ni mkaa punguza chini upalie juu ya mfuniko. Wali ukishaiva ndio unawapanga kamba juu yake, sio kabla, unafunika dakika tano wanaiva na mvuke tu. Nawaomba msiwaweke mapema na soseji, kila ninapokula kamba mgumu nje najua mpishi aliwatia mwanzo. Akibadilika rangi akajikunja kidogo ameiva, akijiviringa kama pete umeshampitiliza. Nyunyizia giligilani, epua. Ukoko wa chini wenye mafuta ya soseji nauchukua mimi.

Kule Louisiana, Marekani, wana chakula chao kinaitwa jambalaya, ni huu huu ukoo, mchele unaingia mbichi unaivia kwenye supu ya kamba na soseji za moshi, wengine wanaweka nyanya wengine hawaweki kabisa. Wao karoti hawana, wanatia celery (mboga ya mabua yenye harufu) na kitunguu na hoho. Ukiangalia vizuri namna yake ni ya pilau, kwa hiyo mtu anayejua pilau hii hawezi kushindwa.

Na kama kamba hujawapata au mfuko haujakaa sawa, nenda soko la samaki la Kirumba Mwaloni chukua minofu ya sangara ukate vipande vikubwa, nao waingie mwisho dakika kama nane hivi usiwaguse na mwiko wasije wakavurugika. Supu yake tumia mapanki (mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa), osha vizuri, chemsha na tangawizi, halafu chuja mara mbili kwa chujio la chai maana ile mifupa midogo haina huruma na watoto.