Jumapili ya mapipa Montepulciano

Enzi hizo nasoma Perugia, Italia, mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na kaka yake analima zabibu Montepulciano, ukivuka tu ziwa Trasimeno unaingia Toscana, kama saa moja hivi kwa gari. Siku nilipomwambia kwetu ni Dodoma, Hombolo, na kwamba baba yangu naye ni mkulima wa zabibu, alishangaa kweli, akauliza tena na tena inakuwaje zabibu inaota Afrika, nikamwambia mama, ni wamisionari wa huku kwenu ndio walioanza nayo pale Bihawana miaka ya 1950, na sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hapo hapo akachukua simu akampigia kaka yake. Jumapili ya mwisho ya Agosti nakuletea mgeni, akamwambia, na huyo mgeni ni mkulima mwenzio.

Mji wenyewe unauona ukiwa bado mbali. Umekaa juu mgongoni mwa kilima, kama mita 600 toka usawa wa bahari, kuta zimeuzunguka na nyumba zimebanana hadi unajiuliza watu wanapita wapi, na kuanzia chini ya kuta ni mizabibu tu, mistari inashuka na mteremko. Pembeni kidogo, nje ya mji, kuna kanisa la San Biagio limesimama peke yake kwenye majani, alianza kulijenga Antonio da Sangallo Mkubwa mwaka 1518, mawe yake yana rangi kama ya asali jua likilipiga. Nilitamani tusimame lakini mama alisema kwanza shamba, kaka yake anasubiri.

Mzee tulimkuta katikati ya mistari ameshika mkasi, na nilichokiona pale sijakisahau hadi leo. Alikuwa anakata vishada vizima vya zabibu anaviangusha chini. Siyo vibovu jamani! Niliinama nikaokota kimoja nikakigeuza geuza, punje zimejaa, nusu zimeshakuwa zambarau nusu bado kijani, hakina doa hata moja, kizito mkononi, na chini ya kila mzabibu kulikuwa na vingine kama hicho vimelala kwenye vumbi. Nikamuuliza mzee, hivi mbona vizima? Akanivuta karibu akanionyesha mti, vishada vilivyobaki vilikuwa vichache, vimeachana, kila kimoja kinapata hewa. Akasema mti huu una nguvu ya kulisha hivi tu, nikiuachia vyote nitavuna maji. Halafu akanieleza kwamba hata akitaka kuviacha, sheria haimruhusu kuvuna zaidi ya kiasi fulani kwa hekta, akizidisha, mvinyo wake hauruhusiwi kuandikwa jina la mji. Vino Nobile di Montepulciano, mwaka 1980 ndio ulikuwa kati ya mivinyo ya kwanza kabisa Italia kupewa daraja la juu la ulinzi wa jina, na masharti yake ni mengi, lazima angalau asilimia 70 iwe zabibu ya aina ya Sangiovese, ambayo wenyewe wanaiita Prugnolo Gentile, na lazima mvinyo ukae miaka miwili ndio uuzwe.

Nilisimama pale roho inaniuma, sikuweza kuficha. Maana kwetu nimeona zabibu zikitupwa pia ila kwa namna nyingine, msimu ambao mnunuzi aliahidi gari halafu gari halikuja, baba na vijana walishavuna, kreti zimepangwa chini ya mwembe, siku ya kwanza, ya pili, nyuki wakajaa, harufu ikageuka siki, mwisho baba akabeba kreti moja moja akaenda kumwaga bila kusema neno. Huyu mzee anatupa ili zilizobaki zipate bei, baba alitupa kwa sababu hakuna aliyezitaka. Nikamsimulia. Alikaa kimya kidogo akanishika bega, akasema hata kwao zamani mkulima alikuwa anauza kwa bei ya kuombwa, kilichowaokoa ni hilo jina kwenye chupa na wao wenyewe kukubali kubanwa na masharti yake.

Mchana tukapanda mjini. Gari tuliliacha nje ya kuta, na barabara kuu, Corso, ni mpando tangu mwanzo hadi mwisho, mapaja yanawaka moto. Mzee alitupitisha kwenye ghala moja la mvinyo chini ya jumba la zamani, unashuka ngazi, unashuka tena, joto la Agosti linabaki juu unaanza kusikia baridi, na mapipa ya mwaloni yamepangwa gizani makubwa kuliko mtu. Huko juu watu wanakula aiskrimu na kumbe chini ya miguu yao mvinyo umelala miaka.

Sasa Jumapili hiyo ndio siku ya Bravio delle Botti. Mji una mitaa minane, wanaiita kontrada, na kila mtaa una vijana wawili wanaosukuma pipa tupu la kama kilo 80 kutoka nguzo ya Marzocco kule chini hadi Piazza Grande, uwanja mkuu ulio juu kabisa, zaidi ya kilomita moja yote mpando. Zamani walishindana kwa farasi, mwaka 1974 wakaleta mapipa. Anayeshinda anapewa kitambaa kilichochorwa kwa heshima ya Yohane Mbatizaji, msimamizi wa mji. Kabla ya hapo kuna maandamano ya mavazi ya kale, ngoma, bendera zinarushwa hewani, nzuri sana, lakini mimi kilichonikamata ni ule mngurumo. Unausikia kabla hujaona kitu, mawe yanatetemeka, watu wote tukajibana ukutani na pipa likapita karibu hadi nikasikia upepo wake, vijana wameinama vichwa viko karibu na magoti, mmoja vifundo vya vidole vimechubuka damu inatoka na hana habari, anasukuma tu. Mzee ni mtu wa Gracciano, alikuwa anapiga kelele mpaka sauti ikakauka na mimi nikawa Mgracciano na kelele zangu. Hatukushinda. Vijana wetu walifika Piazza Grande wakaanguka chali kwenye mawe mbele ya Duomo, lile kanisa kuu ambalo uso wake haujawahi kumaliziwa, matofali yako wazi mpaka leo, na mama zao wakawamwagia maji.

Jioni wametandika meza, tukala pici, tambi nene za kusokota kwa mkono, na mchuzi wa nyanya na kitunguu saumu. Nikampigia baba vidio. Mbukwenyi baba! Nikamwonyesha uwanja, nikamwonyesha mapipa, nikampa mzee simu wakasalimiana kila mtu kwa lugha yake wanacheka. Ila baba mapipa hayakumshughulisha sana. Nilipomsimulia habari ya mkasi akasema hebu rudia hapo mwanangu, anakata vikiwa na ukubwa gani? Anaacha vingapi kwa mti? Nikawa namuuliza mzee, naye anachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, nami nikawa natafsiri mpaka chakula kikapoa.

Msimu uliofuata baba alijaribu kwenye mistari michache, majirani wakamwambia amerogwa. Zikaja punje kubwa, nyeusi, tamu kiasi kwamba mama alizificha watoto wasizimalize. Mnunuzi alipofika akazipima mizani ile ile, bei ya kilo ile ile, tamu na za maji zote kwenye kreti moja, na kwa hesabu hiyo baba alipata hasara kwa sababu kilo zilikuwa pungufu. Linaniumiza sana hili, kwa sababu hapo tatizo siyo udongo wala mkulima, ni mizani isiyojua utamu. Zile za mistari ile baba hampi tena mnunuzi, anakamua mwenyewe mchuzi wa zabibu, anaweka kwenye madumu, na wateja wa Dodoma mjini siku hizi wanapiga simu kabla hajavuna wanauliza ule wa Hombolo upo.