Fundi anayesinzia si mzembe

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kiwanda. Wiki hii msimamizi aliniletea fundi anayesinzia kwenye mashine, akataka nimwandikie kwamba ni mzembe. Nikamuuliza fundi: usiku unakoroma? Akasema mkewe humtikisa kila mara kwa sababu pumzi hukatika, kisha hushtuka akitweta.

Dalili hizo ni za apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika-katika mtu akiwa amelala. Fundi huyu ni mnene, na mafuta yakijaa shingoni, njia ya hewa hubana na kuziba mtu akilala. Ubongo humwamsha tena na tena usiku kucha, wala asubuhi hakumbuki. Anaingia zamu kama mtu aliyekesha. Halafu tunamwita mvivu!

Shirika la Afya Duniani huhesabu unene uliopitiliza kwa mtu mzima kuanzia BMI 30, yaani kilo zako zigawanywe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi napima na kiuno, maana mafuta yanayozunguka ini na utumbo hufanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ishindwe kazi yake, na kisukari aina ya 2 hufuata njia hiyo. Magoti nayo: kila kilo inayopungua huyapunguzia mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Kwa anayesimama zamu nzima, si jambo dogo.

Nimempa rufaa akapimwe usingizi. Msimamizi amekubali kumtoa kwenye mashine hadi majibu yatoke. Kiti nilichomwombea ili asisimame zamu nzima bado nakifuatilia. Uzito tutaushughulikia taratibu, maana kupungua hata asilimia 5 huleta nafuu ya sukari na presha.