Siku ya herufi m: kutwa moja na watoto wa PP1 Majengo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishaufunga mlango, niko njiani kuelekea kivukoni Likoni. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini gharama yake utailipa kwa misukumano. Mkoba naupakata kifuani: mna vifuniko vya soda, uzi, chaki na mfuko wa mchanga mkavu niliouchekecha jana jioni.

Saa moja kasorobo niko darasani kwangu Majengo, Mombasa, ninakofunza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Kabla watoto hawajaingia, napanguza masinia ya bati, yale yale ya kupakulia pilau, nayamwagia mchanga hadi ufunike chini. Hayo ndiyo madaftari yetu ya asubuhi.

Ukutani kuna chati mbili. Ya dukani imefuata Kiingereza: ina tufaha (apple) kwenye A na nyumba ya barafu (igloo) kwenye I. Mtoto wa Majengo akiulizwa hii ni picha ya nini, ajibu "tufaha", na tufaha halianzi na a. Hiyo nyumba ya barafu hata sijaribu kuieleza. Na joto hili la kaskazi, nani ataniamini? Chati ya pili nimeichora mwenyewe: a ananasi, d dafu, e embe, k kaa, n nazi, s samaki. Ch ina kisanduku chake, kina chungu. C ya peke yake sikuiweka, wala q na x, kwa kuwa Kiswahili hakina kazi nazo. Watakutana nazo kwenye Kiingereza.

Saa mbili tumeketi mkekani. Irabu tano tushazimaliza, leo ni zamu ya m. Sifuati a, be, che, de. M ikikaa na a tu, mtoto apata "mama" siku ileile, na mtoto aliyesoma "mama" mwenyewe hakushiki mguu tena kutaka kwenda nyumbani. Nawaambia wafunge midomo, waweke kidole juu yake, kisha wavume: mmmm. Kidole chatetemeka, wanacheka.

"Ticha, friji yetu yasema hivyo!"

Kisha twapigia maneno makofi. Ma-ma, mawili. M-to-to, matatu. Hapa Kiswahili kina utamu wake: m yaweza kusimama peke yake ikawa silabi nzima, m-ti, m-tu, m-ke-ka. Sijawahi kuwaeleza silabi ni nini. Mikono yao yajua.

Saa tatu ndipo tunapoandika, na twaandika kwa kidole. Mtoto wa miaka minne mifupa ya kiganja chake haijakomaa; ukimkabidhi penseli mapema ataikamata kwa ngumi kama mwiko wa ugali, na mshiko huo kuuondoa baadaye ni kazi. Kwa hivyo ni mchanga kwanza, kutunga vifuniko kwenye uzi, kuchana karatasi. "Shuka chini. Panda kilima, shuka. Panda kilima, shuka." Mmoja ana vilima vitano na bado yuaendelea.

Pembeni kuna kijana ambaye jina lake laanza na S. Yeye huanzia ukingo wa kulia wa sinia, aje kushoto, na S yenyewe imegeuka kisogo. Mwalimu mgeni angesema mtoto huyu ana tatizo. Mimi namuuliza habari za chuo, yaani madrasa: "Chuoni jana mlisoma nini?" Anijibu kwa fahari: "Alifu, be, te!" Basi. Kila alasiri huandika kutoka kulia, na aandika vizuri. Nimemchorea nyota ya chaki kwenye ukingo wa kushoto. "Huku ndiko m aanzako. Kule ndiko alifu aanzako." Aliitazama nyota, akafuta mchanga wote kwa kiganja, akaanza upya. Watoto wengi wa mji huu hubeba hati mbili kichwani kabla hawajang'oa jino, na sioni kwa nini moja iombe radhi kwa nyingine.

Ile S iliyogeuka ni jambo jingine. Hata wasiokwenda chuo huigeuza. Vitu vyote mtoto alivyovijua tangu azaliwe havibadiliki jina vikigeuzwa. Paka akitazama kulia au kushoto ni paka. Herufi ndizo za kwanza kumkatalia: b ukiigeuza ni d. Kwa hivyo hizo mbili siziweki wiki moja, na kila moja ina mwanzo wake. B huanza na fimbo, d huanza na tumbo.

Saa nne ni uji. Unamwagika, twafuta.

Saa nne u nusu twarudi kwenye kadi za herufi, na hapa ndipo penye mtihani wangu wa kila siku. Nyumbani wengi wamefunzwa majina ya Kiingereza: ei, bii, sii. Nikionyesha e, mmoja apaza sauti "ii!" Nikionyesha i, asema "ai!" Sasa mtoto huyo aisomeje "embe"? Mimi nafunza sauti, jina la herufi litakuja baadaye. Tena wazazi naomba wanisaidie kwa kutosaidia.

Saa tano, penseli na daftari, dakika kumi tu.

Saa sita adhuhuri wazazi waja kuwachukua. Mama mmoja afungua daftari pale mlangoni.

"Mwalimu, mbona kurasa ni nyeupe? Jirani yangu mwanawe ajaza ukurasa mzima kila siku."

"Mwambie mwanao akuandikie m, mamangu."

Mtoto akachuchumaa, akaichora kwa kidole kwenye vumbi la kizingitini. Vilima viwili, sawasawa.

"Hiyo ni vumbi. Nitaonyesha nini kwenye intavyuu ya gredi wani?"

Hakuridhika, na simlaumu. Kuna shule ambazo bado huwakalisha watoto mtihani kabla ya kuwapokea, na mzazi hana budi kuogopa. Lakini ukurasa uliojazwa m arubaini kwa mkono unaouma wamfunza mtoto jambo moja, kwamba kuandika ni adhabu.

Saa nane nimemaliza kuandika maendeleo ya kila mmoja, napanga ya kesho. N ingefuata m kwa mpangilio wa alfabeti, ila nimeisogeza mbali, maana zikifuatana mtoto huhesabu vilima badala ya kusoma. Kesho ni k: kaka, kuku, kaa. Nimeongea na mvuvi mmoja jirani yangu, ameahidi kuniletea kaa mzima. Nimemsisitizia amfunge magando kwanza.