Kumbukumbu ya mradi: Sony A7 IV ukumbini, OM-1 ziwani

Lengo

Mradi huu ni wa kugawa kazi kati ya kamera mbili zisizo na kioo: Sony A7 IV, iliyotangazwa Oktoba 2021, na OM System OM-1 ya kwanza, ya Februari 2022. Kazi zenyewe ni harusi za ukumbini usiku na ndege wa maziwani. Ubishi wa "ipi kali" tunawaachia watu wa kijiweni. Hapa tunatafuta kitu kimoja tu: katika kila kazi, kinachopungua kwanza ni mwanga, umbali au muda?

Vipimo vya kuanzia. Sony ina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 35.9 kwa 23.9, megapikseli 33, na uzito wa gramu 658 pamoja na betri na kadi. OM-1 ina sensa ya milimita 17.3 kwa 13, megapikseli 20, gramu 599. Miili inakaribiana. Mzigo unaoumiza bega uko kwenye lenzi.

Ingizo la 1: hesabu ya mwanga

Kanuni inayorudiwa kila mahali ni kwamba sensa ya Sony inaishinda ya OM-1 kwa stopu mbili (stopu moja ni mara mbili ya mwanga). Ukipiga hesabu ya eneo, sensa ya Sony ni kubwa karibu mara 3.8, kwa hiyo kanuni ni sahihi. Ila ina sharti ambalo watu hulisahau: lenzi zote mbili ziwe na namba f ileile (kipimo cha tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana) na zijaze fremu kwa kitu kilekile.

Sharti hilo linavunjika katika kazi mbili. Ya kwanza ni picha ya ukoo: watu kumi na wawili wamepangwa safu tatu, na sura zote zinatakiwa zionekane vizuri. Sony inabidi ifungwe hadi f/5.6, na ISO (kiwango cha kukuza mwanga ulionaswa) ipande hadi 1600. OM-1 inapata kina hichohicho (safu zote kuonekana vizuri) kwa f/2.8 na ISO 400. Chenga (punjepunje kwenye picha) zinatoka karibu sawa, na faida ya sensa kubwa imeyeyuka yote kwenye kufunga tundu.

Ya pili ni ndege, na hiyo inakuja kwenye ingizo la 4.

Ingizo la 2: bibi harusi, kanzu na taa hafifu

Uso mmoja, mandhari ya nyuma yapotee, taa za ukumbi tu bila flashi: hapa Sony haina mpinzani. Sony yenye lenzi ya 85mm f/1.8 (gramu 371), kwa 1/160 ya sekunde na ISO 3200, inashindana na OM-1 yenye 45mm f/1.8, inayoona upana karibu uleule. Mwangaza wa picha ni uleule, lakini chenga za OM-1 ni kama za stopu mbili juu. Kufidia kungehitaji lenzi ya f/0.9. Iliyopo ni 45mm f/1.2 PRO ya gramu 410, inayorudisha stopu moja na kidogo. Zaidi ya nusu stopu bado inapotea, na lenzi hiyo ni ghali kuliko ile ya Sony. Kwa kazi hii OM-1 imewekwa pembeni.

Tatizo la harusi zetu ni kanzu nyeupe na shela nyeupe kando ya ngozi nyeusi. Kamera ikiachiwa ipime yenyewe, ama kanzu inaungua ama uso unazama gizani. Utaratibu uliokubalika kwa Sony ni huu: piga RAW (faili ghafi), washa pundamilia (ile mistari ya tahadhari kwenye kitazamio) na uiweke kwenye 109+, ongeza mwanga mpaka mistari ianze kuonekana kwenye kanzu, kisha punguza theluthi moja ya stopu. Uso utaonekana bado una giza kwenye skrini. Usiogope, utainuliwa kwenye kompyuta. Nyuzi za darizi kwenye kanzu zikishaungua, hakuna programu itakayozirudisha.

Na usitumie ISO 320 kwenye A7 IV kwa kudhani ni safi kuliko 400. Sensa hii inabadili ukuzaji wake wa ndani ikifika 400, kwa hiyo vivuli vya ISO 400 vina chenga chache kuliko vya 320. Chagua 100 ukiwa na mwanga wa kutosha, la sivyo ruka moja kwa moja hadi 400.

Ingizo la 3: mistari ya taa

Hili ndilo linaloharibu picha nyingi za ukumbini, na ndilo linaloeleweka kidogo kuliko yote.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya kielektroniki inaona, kwa sababu sensa haisomwi kwa mkupuo; inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Sony A7 IV inachukua karibu 1/15 ya sekunde kuimaliza. Katika muda huo taa inapepesa mara sita hadi saba, na picha inatoka na pindo sita au saba za giza na mwanga, kama kanga ya milia.

OM-1 ina sensa ya matabaka inayosomwa kwa karibu 1/125 ya sekunde, yaani milisekunde 8, wakati mpepeso mmoja wa taa unachukua 10. Haiwezi kupata pindo saba. Inachopata ni upande mmoja wa picha kuwa na giza kuliko mwingine, na fremu inayofuata giza linahamia kwingine. Mtu akipitia picha zake anadhani kamera imekosea kupima mwanga. Kamera haina kosa, taa ndiyo inayocheza.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Chukua balbu ya LED ya bei ya chini, ukuta mweupe, weka kamera kwenye tripodi. Piga kwa shata ya kielektroniki kwa 1/1000, halafu 1/200, halafu 1/100. Kwa 1/100 mistari inapotea, kwa sababu kila mstari wa sensa umepata mpepeso mmoja kamili. Kwa 1/200 kila mstari umepata nusu tu, na nusu hizo hazilingani.

Utaratibu wa ukumbini kwa Sony basi:

- Shata ya mitambo, si ya kimya (yaani ya kielektroniki). Ya kimya ibaki kwa wakati wa nikahi msikitini, mchana, kwenye mwanga wa dirisha.
- Kasi 1/100, au 1/50 kwa watu waliokaa.
- Ukihitaji kasi zaidi kwa wanaocheza, washa kipengele cha kuzuia mpepeso. Kamera inasubiri taa ifike kileleni ndipo inafyatua, kwa hiyo mfululizo wa picha unapungua kasi kidogo.
- Zima pazia la mbele la kielektroniki (shata inayoanza kielektroniki na kumalizia kimitambo) ukitumia f/1.8 kwa kasi ya kuanzia 1/1000 kwenda juu, la sivyo viduara vya mwanga nyuma ya bibi harusi vinatoka vimekatwa.

Skrini kubwa za LED jukwaani ni balaa jingine. Zenyewe hupepesa kwa kasi kubwa mno, na huweza kuleta mistari myembamba hata kwenye OM-1. Dawa ni kupiga picha moja ya skrini hiyo kabla wageni hawajaingia, kukuza hadi asilimia 100, na kuteremsha kasi hatua kwa hatua mpaka mistari ife.

Ingizo la 4: ndege

Hesabu kwanza. Ndege aitwaye chozi, wa sentimita 10, yuko mita 8. Taswira yake kwenye sensa ni urefu wake mara fokali (ile namba ya mm ya lenzi), gawanya kwa umbali.

OM-1 yenye 300mm f/4: milimita 3.75. Sensa ina pikseli karibu 300 kwa kila milimita, kwa hiyo ndege anapata pikseli kama 1,120.

Sony yenye 200-600mm, ikiwa kwenye 600: milimita 7.5, pikseli 195 kwa milimita, jumla kama 1,460.

Sony inaongoza, lakini tazama uzito bila miguu ya tripodi: OM-1 na lenzi yake ni gramu 1,869, Sony na yake ni 2,773. Karibu kilo nzima, inayobebwa mkononi kuanzia alfajiri. Na zile stopu mbili za mwanga? Kipenyo cha tundu la 300mm f/4 ni milimita 75, na cha 600mm f/6.3 ni 95. Ukilinganisha maeneo ya matundu hayo, Sony inakusanya mwanga mara 1.6 tu, yaani theluthi mbili za stopu. Hii ndiyo sababu picha za ndege za kamera hizi mbili hazitofautiani kama wabishi wanavyodai. Kwa kitu kilicho mbali, upana wa tundu la lenzi ndio unaoamua.

Kinachobaki ni muda, na hapo OM-1 inaondoka peke yake. Mdiria mweusi na mweupe wa Naivasha hupepea hewani juu ya maji kisha hujitupa. Kidole cha binadamu kinachelewa karibu robo ya sekunde. OM-1 ina Pro Capture: ukibonyeza kitufe nusu, inazihifadhi fremu kwenye bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) na kuzifuta mfululizo, ukimalizia kubonyeza, inakupa na zile za kabla.

Mpangilio:

1. Chagua Pro Capture SH2, fremu 50 kwa sekunde, fokasi ikimfuata ndege. SH1 inafika 120, lakini fokasi inaganda pale ulipobonyeza nusu. Inafaa kwa ndege aliyetua tawini tu.
2. Fremu za kabla: 15, ambazo ni theluthi ya sekunde hivi. Inatosha kufidia kidole. Ukiziongeza, unaongeza kazi ya kuchambua jioni.
3. Utambuzi wa kitu: ndege. Eneo la fokasi liwe dogo au la kati. Ukiacha fremu nzima kwenye mafunjo, kamera inashika majani.
4. Kasi 1/2500 au zaidi.
5. Usikae umebonyeza nusu kwa dakika nzima. Betri inaisha na kamera inapata moto.

Angalizo la lenzi: si kila lenzi inafika 50 na fokasi hai. 300mm f/4 inafika, 100-400mm f/5-6.3 haifiki, inaishia 25.

Na angalizo la kadi. Faili ya RAW ni kama megabaiti 20, kwa hiyo sekunde moja ni gigabaiti moja. Bafa inajaa kwa takriban sekunde mbili za kushikilia, na hapo ndipo ndege hutokea na samaki mdomoni. Bonyeza vipande vifupi, na tumia kadi za V90 (za kuandika kwa kasi).

Sony kwa kazi hiihii: fremu 10 kwa sekunde kwa shata ya mitambo, na hizo 10 ni kwa RAW iliyobanwa kwa kupoteza data. Ukichagua isiyopoteza, inashuka hadi kama 6. Usijaribu kuikwepa kwa shata ya kimya: kwa usomaji wa 1/15, bawa linalopiga linatoka limepinda kama mpini wa jembe bovu.

Jua likishapanda, mawimbi ya joto juu ya ziwa yanazifanya kamera zote mbili zionekane mbovu. Manyoya yanachemka, fokasi inahangaika. Kazi iishe kabla ya saa tatu asubuhi.

Ingizo la 5: unyevu wa pwani

OM-1 ina daraja la IP53 (kinga dhidi ya vumbi na maji), lakini daraja hilo linategemea lenzi iliyofungwa. Mwili ukiwa na lenzi isiyozibwa ni sawa na mlango wa chuma kwenye kibanda cha makuti. Sony imezibwa kiasi, bila daraja la IP.

Adui mkubwa Mombasa na Unguja si mvua, ni kutoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi na kufungua begi nje papo hapo. Lenzi inapiga ukungu wa maji, na unyevu ukizoea kubaki ndani, kuvu inaota kwenye vioo. Acha begi limefungwa nusu saa nje kabla ya kufungua. Nyumbani, tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, silika jeli ya rangi ya chungwa, na kipima unyevu kidogo ndani. Kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele usitumie: hauvuti unyevu wa kutosha, na vumbi lake linaingia kwenye pete za lenzi.

Kwa Sony, ingia kwenye menyu uwashe shata ijifunge kamera ikizimwa, ndipo ubadilishe lenzi. Ikishajifunga, usiipulizie hewa ya kopo. Yale mapazia ni laini.

Video, kwa ufupi

Sony kwa 4K ya fremu 60 inakata picha mara 1.5: lenzi ya 35mm inakuwa kama 52mm, na kwenye sebule ya Mji Mkongwe mgongo wako utagota ukuta. OM-1 haina ukataji huo. Kwa fremu 25, Sony inatumia upana wote na rangi zake zinavumilia kusahihishwa zaidi. Harusi zirekodiwe kwa 25, zilingane na taa za hezi 50.

Gharama na kinachofuata

Kwa bei za uzinduzi Marekani, OM-1 na 300mm f/4 ni takriban dola 4,700; Sony na 200-600mm takriban 4,500. Anayefanya harusi tu anunue Sony na 85mm f/1.8, asiitazame 200-600 kabisa.

Yaliyobaki kwenye orodha: jaribio la mistari kwenye taa za rangi za taarabu, ambazo kila rangi huweza kupepesa kivyake, kulinganisha fremu za kabla 10 na 15 kwa mdiria yuleyule, na kutafuta mfuko wa maharage wa kuegesha lenzi kwenye dirisha la gari.