Siti ya Mbele, Kwenda Alexandra

Pale stendi ya Noord, katikati ya Johannesburg, nilikimbilia siti ya mbele. Ndiyo mazoea ya Dar: ukikaa pembeni ya dereva, umepona kubanwa. Hakuna aliyeniambia kwamba teksi zao, vihiace kama vyetu tu, hazina konda. Anayekaa mbele ndiye konda.

Tulipoondoka tu, nikaguswa bega. Noti. Nikaguswa tena: noti na sarafu, na sauti, "Wawili!" Kisha wanne. Kisha mmoja anadai chenji. Nilikuwa na siku mbili tu na randi, sarafu ya mbili na ya tano bado zinanichanganya. Asubuhi ya baridi ile, jasho likanitoka. Hesabu ikapungua watu wawili. Dereva akafoka, abiria wakaanza kuulizana, na mimi nimeshaamua kujazia, ingawa gari la kutoka uwanja wa ndege lilikuwa limenikomba. Bibi mmoja nyuma yangu akanyoosha kiganja. "Lete, bhuti," yaani kaka. Akahesabu upya, akageuka, akamkazia macho kijana wa siti ya mwisho. Pesa ikapatikana.

Tuliposhuka nikambebea yule bibi mfuko hadi kwake. Alexandra, kitongoji cha watu weusi, ilianzishwa mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya sheria ya ardhi ya 1913 iliyowazuia weusi kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi, ndiyo maana hapa mtu mweusi aliweza kumiliki kiwanja. Baba yake alikuwa na hati; serikali ya ubaguzi ikaichukua. Leo uani pake nilihesabu milango kumi na mmoja na bomba moja. Juu ya mabati yanaonekana maghorofa ya Sandton, kwa matajiri, karibu kabisa.

Nilipomweleza nilivyoaibika kwa ajili ya nauli, Gogo, ndivyo wanavyomwita bibi, hakucheka. Januari 1957, alisema, nauli ya basi ilipanda kutoka peni 4 hadi 5, na Alexandra nzima ikagoma. Azikhwelwa: hayapandwi. Walikwenda mjini kwa miguu, kama kilomita 15, na jioni wakarudi hivyo hivyo, hadi Aprili. Mama yake alikuwa dobi wa Wazungu. Alitembea na furushi kichwani. Gogo akavua kiatu, akanionyesha kwa kidole mahali mama alipokuwa akiweka kipande cha boksi, soli ilipotoboka.

Kwa peni moja.

Nikawaza Dar. Nauli ilipopanda mara ya mwisho, tulinung'unika pale kituoni, daladala likaja, tukapanda.