Siku Mbili Ukingoni mwa Singidani

Nilipanda basi la alfajiri pale Dodoma, nikachagua dirisha la kushoto makusudi ili nikiangalie kinamasi cha Bahi kabla hatujaupanda mlima Saranda. Septemba si mwezi wa kukikuta na maji. Tope lilikuwa limekauka likapasuka vipandevipande, ng'ombe wakitembea juu yake na kuacha vumbi nyuma. Roho iliniuma. Ndege niliokuwa nikiwafuata wanaishi kwa tope bichi, na tegemeo langu sasa likabaki Singida.

Manyoni wauza asali waligombania madirisha, Ikungi nikasinzia, na mchana nikashuka katika mji ule wa majabali, upepo ukinipiga usoni. Ziwa Kindai liko kusini mwa mji, Singidani kaskazini, yote mawili ya maji ya chumvi. Kijana wa bodaboda aliniuliza kama nimefuata flamingo. Nikamwambia hapana, nimefuata wale wadogo wanaokimbiakimbia kwenye tope.

"Vitwitwi?" Akashangaa. "Kaka, umetoka Dodoma kwa ajili ya vitwitwi?"

Ndiyo, na ningetoka mbali zaidi. Yuko kitwitwi mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, wataalamu humwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Hatagi kwetu. Kiota chake kiko nyanda za barafu za kaskazini mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka ukingo wa Singidani. Dume huondoka mapema, jike hubaki kuatamia na kulea peke yake. Mwaka ambao lemingi, panya wa kule, wamepungua, mbweha huyageukia mayai na makinda, na uzao wa msimu mzima unaweza kupotea. Watoto wanaosalimika huja Afrika bila mzazi wa kuwaonyesha njia, kwa sababu wakubwa wameshatangulia. Oktoba 2024, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimwingiza kwenye kundi la ndege walio hatarini kutoweka.

Jioni ile nilihesabu 31. Wote walielekeza nyuso upande unakotoka upepo, wakidonoa tope harakaharaka kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo. Wachache walikuwa bado na mabaka mekundu tumboni, mabaki ya rangi ya kuzalia. Nilikaa mpaka giza likaingia. Hatuwezi kwenda kumzuia mbweha wa Siberia asile mayai. Tope hili la Singidani, hili tunaliweza.

Na si la wageni peke yao. Nilipokuwa nikirudi barabarani, mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia mchicha alinipazia sauti.

"Mwanangu, angalia unapokanyaga!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapo mbele ya mguu wako, hapo."

Nikaona matawi ya miiba yaliyopangwa duara, katikati vumbi tupu. Mzee akaniambia nichutame. Nilichutama, nikatazama, sikuona kitu. Ndipo akanionyesha kwa ncha ya jani: kipande cha ganda chenye madoadoa, kidogo kuliko ukucha, kimechungulia kwenye udongo. Mayai mawili yalikuwa yamefukiwa. Mama yake, kitwitwi mdogo wa hapahapa, alikuwa ametusikia, akayapigia udongo kwa miguu mara chache tu, akaondoka. Sasa alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, atuvute tumfuate yeye. Jina la kisayansi la ndege huyu lina neno pecuarius, maana yake ya mifugo, kwa kuwa hupenda sehemu zilizolishwa majani yakawa mafupi. Ndiyo maana ya ile miiba: ng'ombe wanaposhuka kunywa, wazunguke.

Mzee mwenyewe zamani alilima mpaka majini. "Ziwa likafura, likaja kuchukua lake," aliniambia, na tangu hapo bustani yake ameirudisha juu. Jirani zake bado wamo. Nilipita kwenye mashimo ya mchanga, alama za matairi na povu la sabuni pale wanapooshea pikipiki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na watu wengi niliozungumza nao wanaijua kwa tarakimu hiyo: mita sitini. Wanaichukulia kama sheria ya kulinda maji, na ni kweli. Lakini mita hizohizo ndizo kiota cha huyu na chakula cha yule wa Siberia. Kama ningepewa jambo moja tu la kuomba mkoani Singida, ningeomba mita hizo zipimwe kwa kamba na kuwekewa mawe mapema, kabla mvua hazijaanza na kila mtu kushika jembe.

Kesho yake asubuhi yule kijana wa bodaboda alinirudisha. Safari hii alizima pikipiki barabarani bila kuambiwa, tukashuka kwa miguu. Tulisimama mbali na ile miiba. Kitwitwi akaja kwa mbio fupifupi, akasimama, akakimbia tena, akaingia duarani. Akauchakura udongo kando kwa miguu yake, mayai yote mawili yakaonekana. Kisha akakaa juu yake, akiukabili upepo.